Mtambaa Panya wa Mkwakwani

Mkwakwa ni mti wa porini wenye tunda la mviringo, gamba gumu, ambalo watoto wa pwani hulipasua kwa jiwe ili wafyonze nyama iliyozishika kokwa. Ongeza kiambishi -ni upate mahali: Mkwakwani, penye mkwakwa. Mti wenyewe sijauona pale tangu nipate akili zangu. Kilichopo ni uwanja wa mpira, na upepo ukivuma vizuri siku ya mechi, sauti ya bao hutufikia Makorora kabla redio haijamaliza kulitangaza.

Timu ya uwanja huo, kwa sisi wa upande wetu, ni moja. (Watani wetu wa African Sports wanisamehe, nao wana kwao.) Coastal Union iliundwa mwaka 1948 na jina lake ni la Kiingereza, lakini sijapata kumsikia mtu wa Tanga akililia jina hilo timu inapozidiwa. Huitwa Wagosi wa Kaya. Mgosi, kwa Wasambaa na Wabondei, ni mwanamume; kaya ni nyumbani. Wanaume wa nyumbani, basi. Nimefundisha Kiswahili miaka mingi na bado naona hakuna tafsiri ya Coastal Union iliyo bora kuliko hiyo, ingawa haitafsiri neno hata moja.

Mwaka 1988 Wagosi walitwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Nilikuwa mwalimu kijana, si miaka mingi tangu nitoke chuo cha ualimu Korogwe. Kaka yangu alikwenda uwanjani kwa baiskeli kila mechi ya nyumbani; mimi nilibaki na Radio Tanzania Dar es Salaam, nikiwasikiliza watangazaji kwa sikio la mtu wa lugha. Jioni kaka alirudi sauti imemkauka, akanisimulia yaleyale niliyokwisha kuyasikia, nami nikamwacha asimulie. Msichana kwenda Mkwakwani peke yake halikuwa jambo la kupendeza machoni pa wazee wetu, na hata nilipokuwa mtu mzima mwenye mshahara wangu, mazoea yale yalinishika. Redio ilinitosha, au nilijiambia hivyo.

Mwaka jana wake, yaani kabla ya safari ninayoieleza, kaka alipatwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vililegea, na maneno yakamtoka. Akili ilikuwepo, macho yalionyesha. Lakini akitaka kikombe alisema “ile, ile,” kisha akakasirika. Jina langu hakuweza kulitamka. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alitueleza kwamba wagonjwa wa namna hii mara nyingi hubakiwa na yale yaliyoingia kwa mkumbo: nyimbo, dua, kuhesabu. Tukamwekea taarabu za Black Star na Lucky Star. Aliimba vibwagizo bila kukwama, kisha wimbo ukiisha akarudi kwenye “ile, ile.”

Alichotaka ni mpira. Nacho kilikuwa kigumu, maana msimu wa 2024/2025 Wagosi walicheza baadhi ya michezo yao ya nyumbani mbali na nyumbani. Walipowakaribisha Yanga mwezi wa Oktoba 2024, waliwakaribishia Arusha, katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Hapa naomba ruhusa nitoke kidogo njiani, kwa kuwa wasomaji wa ukurasa huu wanalijua jina hilo kwa sababu nyingine. Ni yule Kaluta Amri Abedi wa *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*, kitabu cha mwaka 1954 kilichotuhesabisha mizani vidoleni, meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Sijui mji mwingine uliompa mtunga mashairi uwanja wa mpira. Sisi Tanga, alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, tumeupa wetu jina la mti. Silalamiki; mti ulitangulia.

Basi kwa kuwa mpira ulikuwa umehama, nilimpeleka kaka auone uwanja mtupu. Tulikwenda kwa bajaji, asubuhi, siku ya kazi. Mlangoni mlinzi akaniamkia, “Shikamoo, Mwalimu,” kwa kuwa nilimfundisha mamake. Nikamweleza haja yetu. Alimtazama kaka, fimbo yake, fulana yake nyekundu iliyopauka, akasema, “Karibu, Mgosi,” akafungua.

Uwanja mtupu ni mdogo kuliko unavyosikika redioni. Nilipanda jukwaa kuu hatua chache, nikashuka. Kaka hakutaka jukwaa. Aliburuza mguu kuzunguka ukingoni hadi nyuma ya lango moja, akasimama, akainua fimbo kuelekea juu.

“Mtambaa panya,” akasema.

Lilitoka zima, bila kukwama. Nilinyamaza nisilitishe. Akashusha fimbo pembeni: “Mlingoti.” Akangoja kidogo. “Nyavu.” Nyavu hazikuwepo siku ile, yalikuwa machuma matupu. Kisha akacheka, mdomo ukienda upande mmoja, akasema “kanzu,” akionyesha kwa mkono mzima jinsi mpira unavyopitishwa juu ya kichwa cha mtu.

Yatazameni maneno hayo. Mtambaa panya ni boriti ya nyumba, ile ambayo panya huipita usiku chini ya paa. Nyumba yetu ya Makorora ilikuwa nayo, tukiitazama kitandani utotoni. Mlingoti ni wa jahazi. Nyavu ni za wavuvi. Kanzu ni ya Ijumaa. Mchezo ulikuja na goli, refa na penalti, nasi tukayapokea, sioni aibu. Lakini watangazaji na washabiki wakauvika pia vitu vya ndani mwetu. Mimi hugombana na wanaotaka tufute “kipa” tubaki na “mlinda mlango” peke yake. Katika dakika ya tisini mtu anahitaji neno la silabi mbili. Ila mtambaa panya sitamruhusu yeyote aubadilishe kuwa “mwamba” mbele yangu, hata kama mwamba ni rahisi kutamka.

Nyumbani kaka alikuwa ameshindwa kuitaja dari. Nilimwonyesha mara kadhaa, kwa ukaidi wa ualimu, naye akageuza uso. Pale uwanjani boriti ilikuwa na jina.

Tulikaa hadi jua likawa kali. Mlinzi alituletea maji, akamuuliza kaka kama alimwona Juma Mgunda akicheza, yule aliyeichezea Coastal kisha akaja kuifundisha. Kaka alitikisa kichwa kwa nguvu kukubali, akatafuta la kusema, akalikosa, akampa mkono wa kushoto. Mlinzi aliupokea kwa mikono yote miwili.

Wakati wa kurudi nilimwomba kijana wa bajaji atupitishe Ngamiani, ambako barabara zina namba badala ya majina. Kaka akaanza kuzihesabu moja baada ya nyingine, kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza. Alipofika kumi na moja, barabara ya klabu, aliacha kuhesabu akampiga kijana begani asimame. Tukasimama.