Panya Hakufuata Kuku

Nilipokuwa mtoto Luvungi, katika bonde la Ruzizi, kuku wetu hawakuwa na nyumba. Jioni waliingia jikoni wenyewe, jogoo akiwa wa mwisho, wakapanda juu ya kuni zilizopangwa ukutani. Mwenye vifaranga alilazwa chini na kufunikwa kwa tenga, na juu ya tenga tate aliweka jiwe. Tate, ndivyo sisi wa Kivu tunavyomwita babu, na nyanya vilevile. Huyu alikuwa mama mzazi wa baba yangu. Alilala chumba kilichopakana na jiko, na masikio yake yalikuwa ya ajabu. Kuku akishtuka usiku wa manane, tate alikuwa amekwisha kuuliza gizani, "Nani huyo?" kana kwamba panya angejitaja jina.

Panya walikuwapo, ila hawakututesa. Mahindi ya mbegu yalining'inia juu ya moto na maganda yake, meusi kwa moshi. Mengine yalikaa nje, katika ghala dogo la fito lililosimama juu ya nguzo. Kuku hawakulishwa, walijiokotea: mchwa, chenga za karanga, makombo ya bugali. Giza likiingia, jikoni hapakubaki punje ya kumwita mtu wala mnyama. Haya nayasema leo. Siku zile nilidhani sifa zote ni za paka.

Oktoba 1996 vita vilipoingia bonde la Ruzizi tuliondoka mbio, tukaliacha tenga likiwa na kuku ndani. Tulikuwa tumeshafika njiani yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, alipogeuka, akarudi jikoni, akaliondoa jiwe. Hiyo ndiyo habari ya mwisho ya kuku wa tate. Yeye mwenyewe alifia Bukavu, mjini, mahali alipolalamika kila siku kwamba baridi inamwingia mifupani.

Tuliporudi kwa kudumu mwaka 2003 hapakuwa na jiko wala ghala. Tulijenga jiko; ghala hakuna aliyelijenga, si sisi, si majirani. Nani angeweka mavuno nje, juu ya nguzo, kila apitaye na bunduki ayaone? Aliyekuwa na gunia la mahindi au la mpunga alilala nalo chumbani, wengine chini ya kitanda. Nyumba zetu zikageuka maghala, na panya wakahamia pamoja na gunia. Watu walisema vita vimeleta panya. Mimi naona vita viliwafungulia mlango tu.

Katika hali hiyo, mwaka 2009, nikajitia ufugaji wa kisasa. Nilijenga pulaye, yaani banda la kuku, ya matofali mabichi, sakafu ya udongo, paa la manjanja (Watanzania wangesema mabati), na dirisha la ule waya wa kuku unaouzwa kila duka. Kuku arobaini. Hesabu yangu ilikuwa njema: magari yanayotoka Uvira hupita hapa kabla ya kufika Kamanyola na kuanza kupanda Ngomo kwenda Bukavu, na abiria hununua. Chakula nilichanganya mwenyewe, mahindi ya kusaga, pumba za mpunga na ndagala wa ziwani. Gunia lilisimama kwenye pembe ya banda, na kihori kilijaa mchana na usiku. Niliona huo ndio ustaarabu.

Haukupita mwezi, matundu yakaanza kuonekana kando ya ukuta. Mayai yalipungua. Kisha asubuhi moja nikakuta vifaranga vitatu vimeliwa nusu. Nilileta paka, paka akala kifaranga cha nne. Nikaweka mtego, ukanasa wawili usiku wa kwanza, baada ya hapo hakuna hata mmoja. Baadaye sana nilijifunza kwamba panya mkubwa hukiogopa kitu kigeni, na mtego unapaswa kukaa siku kadhaa na chambo bila kutegwa, mpaka auzoee. Mimi sikuwa na subira hiyo. Nilikwenda sokoni nikanunua sumu kwenye kifuko kisicho na neno hata moja.

Niliichanganya na ndagala. Usiku wa kwanza walikufa sita, nikawapanga njiani watu wawaone. Siku ya tatu jogoo alikuwa chini, miguu juu. Sumu nilikuwa nimeificha matunduni, lakini panya hubeba chakula. Hukiokota hapa, akakiangusha pale, na pale palikuwa kihorini. Jioni akaja jirani, mwanamama asiyependa maneno mengi. Mbwa wake alikuwa ameokota mmoja wa wale niliowapanga njiani.

"Jirani," akasema, "mbwa wangu hakuwa panya."

Nikamlipa. Mpaka leo sijui nilimlipa nini hasa, maana mbwa hakuwa wa kuuzwa.

Aliyenitoa katika ujinga huo ni mzee mmoja seremala, niliyemwita kutengeneza mlango. Nilimwonyesha matundu. Hakuyatazama. Alichuchumaa mbele ya gunia, akatia mkono, akanusa kiganja.

"Mwanangu, hawa hawakufuata kuku. Wamefuata hiki. Kuku ni kitoweo tu."

Akaniuliza kama kwetu hatukuwa na ghala. Nikamwambia lilikuwapo. "Nguzo zake zilikuwaje?" Hapo ndipo nilipokumbuka: karibu na juu, kila nguzo ilivaa kisahani cha mti, kipana kuliko nguzo yenyewe. Sisi watoto tulikuwa tukining'inia pale na kufukuzwa. Sikuwahi kuuliza kilikuwa na kazi gani. Panya hupanda nguzo kama ngazi, lakini akikuta dari juu ya kichwa chake hana pa kushika.

Tukabomoa. Banda jipya tulilisimamisha juu ya miguu minne, sakafu ikiwa mita moja na zaidi kutoka ardhini, kwa sababu panya aliyekomaa huruka juu sentimita sabini na kitu bila shida. Kwenye kila mguu mzee alifunga bati lililokunjwa kama faneli iliyopinduliwa. Bati lenyewe alilitoa kwenye makopo ya mafuta ya msaada, yale yenye herufi USA, yaliyozagaa bondeni tangu kambi za wakimbizi wa 1994. Waya niliung'oa pia. Tundu lake lilikuwa la kumzuia kuku asitoke, si panya asiingie: panya mdogo wa nyumbani hupenya tundu la milimita sita, unene wa penseli, na mkubwa hatamani zaidi ya milimita kumi na mbili. Ngazi ya kuku huondolewa magharibi. Majani tulifyeka pande zote, maana panya hapendi kuvuka uwanja mtupu.

Lakini kazi kubwa haikuwa ya bati. Chakula kiliingia kwenye pipa la chuma lenye kifuniko, kihori kikawa kinamwagwa kabla ya giza, kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Watoto walinung'unika. Mama yangu aliyashughulikia hayo bila kuagizwa, kwa kuwa hakuona jambo jipya. Alisema tu kwamba nimetumia pesa nyingi kurudi jikoni kwa mama mkwe wake.

Panya hawakuisha, na anayekuahidi kuwamaliza anakuuzia kitu. Jike hubeba mimba wiki tatu tu, na panya wa mashambani anaweza kuzaa zaidi ya kumi kwa mara moja. Mahindi yakishavunwa bondeni, shamba likabaki tupu, wote hutafuta nyumba, na majuma hayo bado nalala sikio moja wazi. Wala siwachukii wote. Ndugu yao mkubwa, panya buku, hufundishwa Morogoro kunusa mabomu ya ardhini. Mmoja wao, Magawa, alipewa medali ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Wangu hawana elimu hiyo.

Banda liko nyuma ya jiko. Mguu mmoja niliubadilisha kwa sababu ya mchwa. Bati ni lile lile, na herufi S bado inasomeka.