Nilipewa filimbi, nikakiona cha mtema kuni!

Mwenzenu nimewazomea marefa wa kikapu tangu kidato cha kwanza. Na sababu ninayo. Mwaka 2019, nikiwa kidato cha nne, nilitolewa nje kwa faulo ya tano ambayo hadi leo naapa haikuwa yangu. Refa mmoja alinyoosha ngumi, mwenzake akanyoosha kiganja. Kwa wasioujua mchezo huu, ngumi juu ni faulo, kiganja wazi ni kosa jingine, kwa mfano kutembea na mpira bila kuudunda. Vyote vinasimamisha saa, lakini kwa ngumi mimi nje, kwa kiganja mpira wetu. Meza ikafuata ngumi. Tukafungwa kwa pointi mbili, na ndoto ya UMISSETA ikafia pale pale. Nililia kama mtoto.

Basi mwaka jana nikapita uwanja wa shule moja huku mtaani kwetu, kuna mechi ya wasichana, refa mmoja hajatokea. Mwalimu wa michezo akanivuta shati: "Kaka, wewe si umecheza? Shika filimbi." Mwenzangu alikuwa mwalimu wa Jiografia, na raba zake za kuazima. Hatukuulizana hata nani asimame wapi.

Jamani! Kumbe tulikuwa tunaukimbilia mpira wote wawili kama kuku waliomwagiwa mahindi. Binti mmoja akapigwa kiwiko chini ya kikapu, mdomo ukavimba, uwanja mzima umeona isipokuwa sisi. Lakini hilo lilikuwa dogo. Robo ya nne nikapuliza faulo, nikapaza sauti mezani nikiwa katikati ya uwanja: "Yule mrefu!" Warefu walikuwa wawili. Karani akaandika asiyehusika, ikawa ya tano, akatoka. Alipita mbele yangu analia, akasema, "Kaka refa, si mimi." Nami, kwa aibu ya kubadili maneno mbele ya watu, nikakaza uso!

Usiku sikulala. Nilichofanyiwa ndicho nilichofanya.

Kesho yake nikamfuata mzee mmoja aliyechezesha kikapu miaka mingi. Nikamwamkia, nikamweleza. Akacheka. "Mwanangu, macho unayo. Ulisimama pabaya." Akaweka vizibo viwili vya soda kwenye benchi. Kimoja kwenye mstari wa mwisho, karibu na kikapu, kingine nyuma kuelekea katikati. Mpira ukigeuka kwenda upande wa pili, aliyekuwa nyuma ndiye anayetangulia. Mmoja akiuangalia mpira, mwenzake anaangalia mikono na viwiko huko ambako mpira haupo. Kisha akanisimamisha: filimbi, ngumi juu, nenda mahali meza inakuona vizuri, simama kabisa, onyesha namba ya jezi kwa vidole, aina ya faulo, halafu kinachofuata. Kila mara hivyo hivyo, hata kama mechi imeshaamuliwa. Alinirudisha mara kumi na zaidi, majirani wakidhani nimechanganyikiwa.

Ishara zenyewe zimechorwa zote kwenye kitabu cha sheria cha FIBA, si siri ya mtu. Ila shuleni nani anakaa na refa kumfundisha? Mwalimu anapewa filimbi asubuhi, jioni anaitwa mwizi. Wiki ijayo anachezesha na mtu mwingine aliyejifunzia kwingine, kila mmoja na ishara zake, na karani wa mezani naye hajaambiwa lolote. Kocha anafanyisha watoto mazoezi miezi mitatu, marefa hawapewi hata Jumamosi moja ya kutembea uwanjani pamoja. Mimi na yule mwalimu wa Jiografia sasa tunafanya hivyo, bila mpira, tunapishana tu kama walinzi. Makarani tunawaita pia. Nyumbani natumia kioo, mama ananiuliza nampungia nani.

Yule binti nilimtafuta, nikamwomba radhi. Akanitazama kutoka juu hadi chini.

"Jumamosi unachezesha wewe?"

"Ndiyo."

"Haya. Ila vidole uvinyooshe vizuri, mimi navaa namba saba."