Gesi iko ziwani, makala iko bei juu

Kule Bulengo, pembeni ya Goma, mama mmoja kutoka Masisi alikuwa anahesabu makala kila asubuhi kama mtu anayehesabu pesa. Hakununua gunia. Gunia ni la watu wenye nyumba. Yeye alinunua kadogo, fungu la kutosha sufuria moja ya maharagi, na maharagi yakiwa ya zamani fungu liliisha kabla hayajaiva. Mwanzoni mwa 2024, vita vilipofika karibu na Sake na barabara ya Masisi ikafungwa, kijana wa chukudu alianza kuleta habari mbaya kabla ya kushusha mzigo.

"Mama, makala imepanda."

"Imepanda tena? Juzi si ulisema imepanda?"

"Barabara imefungwa, mama. Tutafanya je?"

Binti zake hakutaka kuwatuma porini kutafuta kuni. Wanawake waliorudi kutoka huko walikuwa wanasimulia mambo ambayo hayasemwi mbele ya watoto. Basi siku nyingi mbabula iliwashwa mara moja tu, jioni, na mchana watu walikunywa maji wakangoja.

Kutoka mlango wa hema yake aliona Ziwa Kivu lote. Na kwenye radio ya jirani alisikia mara kwa mara kwamba ndani ya ziwa hilo kuna gesi, na kwamba gesi hiyo ni usalama wa nishati wa taifa. Siku ya Mungu, mtoto wa dada yake, mwanafunzi wa umeme mjini, alipokuja kumsalimia, alimuuliza.

"Mwanangu, hiyo gesi ni ile ya kwenye mitungi?"

"Ni nyingine, mama mudogo. Hii imeyeyuka ndani ya maji, kule chini kabisa. Fikiria chupa ya Fanta. Ikifungwa, huoni kitu. Ukifungua, inatoa povu."

Mfano huo ni mzuri kuliko maelezo mengi yanayotolewa na wakubwa. Ziwa Kivu lina kina cha karibu mita 485, na uzito wa maji ya juu ndio kizibo cha chupa. Chini yake kuna takribani kilomita za ujazo 60 za metani, ile inayowaka, na takribani 300 za gesi ya kaboni, ile isiyowaka. Mtambo unaingiza bomba chini, maji yanapanda, mgandamizo unapungua, gesi inatoka yenyewe. Halafu inasafishwa, metani inapelekwa kwenye mashine za umeme, na maji yanarudishwa chini. Yakirudishwa kwenye kina kisichofaa, matabaka yanayoizuia gesi isipande yanaweza kuvurugika. Si kazi ya kuharakisha.

Mama alikuwa na swali lingine, na hilo halikuwa la umeme. Mbuzi wa jirani yake alikuwa amekufa kwenye shimo, bila kidonda, na wenyeji walisema ni mazuku. Je, gesi ya ziwa ni ndugu ya mazuku?

Ni ndugu kweli. Mazuku ni gesi ya kaboni inayotoka ardhini na kujaa mabondeni, kwa sababu ni nzito kuliko hewa. Kule Cameroon, ziwa Nyos liliitapika kwa ghafla Agosti 1986, na watu zaidi ya 1,700 wakafa. Watu wa Goma wanaijua hofu hiyo. Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku tano baadaye sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama, maana magma ilikuwa imefika chini ya mji na chini ya ziwa. Kuitoa gesi hiyo kwa utaratibu ni kutengeneza umeme, na tena ni kupunguza hatari polepole. Nchi chache zina mali ambayo kuiacha ilale ni hatari.

Kijana alimweleza pia jinsi wengine wanavyohangaika kupata gesi. Afrika Kusini ina makaa ya mawe mengi na mafuta kidogo sana. Wakati wa ubaguzi wa rangi, ilipoogopa kunyimwa mafuta, ilipanua kazi ya kugeuza makaa ya mawe kuwa gesi kwa moto mkali, mvuke na oksijeni, kisha gesi kuwa petroli. Kiwanda cha Secunda kinafanya hivyo mpaka leo, na moshi wake ni kati ya mikubwa kabisa duniani kutoka mahali pamoja. Congo nayo ina makaa ya mawe, kule Luena na kando ya mto Lukuga karibu na Kalemie. Lakini kwa Kivu tanuru hilo halihitajiki. Gesi iko tayari.

"Sasa kama iko tayari, inangoja nini?" mama akauliza.

Hapo kijana alinyamaza kidogo. Upande wa Rwanda, gesi ya ziwa ilipasha moto mitambo ya kiwanda cha bia cha Gisenyi tangu miaka ya 1960. Mtambo wa KivuWatt, unaoelea karibu na Karongi, umekuwa ukitoa megawati 26 tangu 2016. Upande wa Congo, serikali ilinadi vitalu vitatu vya gesi mwaka 2022, Makelele, Idjwi na Lwandjofu, na Januari 2023 ikatangaza makampuni yaliyoshinda. Kisha vita vikaendelea kusogea.

Na hata megawati zikija, kuna jambo ambalo hotuba hazilisemi. Kituo cha Matebe kule Rutshuru kina megawati 13 za maji ya mto, na Goma ilifurahi sana kuzipata. Lakini nyaya zake zinapita kwenye vita, na zimekatwa zaidi ya mara moja. Mwisho wa Januari 2025, M23 ilipoingia Goma, umeme ulikatika na pampu za maji zikasimama. Watu walichota maji ziwani kwa bidoni, wakayanywa hivyo hivyo. Walikuwa wamesimama juu ya gesi ya kuwasha miji mingi, wakitafuta makala ya kuchemshia maji hayo.

Februari kambi zilivunjwa kwa siku chache tu. Mama alifunga sufuria na mbabula mgongoni, akarudi Masisi kwa miguu na binti zake. Mbabula ilivunjika kabla ya Sake. Sasa anapikia mawe matatu, kwa kuni za mikaratusi ya jirani. Kijana alibaki Goma na masomo yake. Akimpigia simu, anauliza kwanza kama usalama upo huko. Yeye anauliza kwanza kama makala imeshuka bei.