Nafasi Kwanza, Ndipo Kuandika



Sisi mafrateri tunaokuja likizo kusaidia huku Mbulumbulu, mara nyingi tunakabidhiwa kazi ya kuingiza madaftari ya sakramenti kwenye kompyuta. Umeme nao hukatika bila kuaga. Waamini wana haki ya kutuuliza: ukikatika wakati jina la mwanangu liko nusu, itakuwaje?

Tuanze na karatasi. Ndoa ikifungwa huandikwa katika kitabu cha ndoa, kisha pia katika kitabu cha ubatizo cha kila mwanandoa, hata kama alibatizwa parokia ya mbali. Kanuni ya 1122 ya Sheria ya Kanisa inadai hivyo. Ikiandikwa upande mmoja tu, kitabu cha pili kitaendelea kumtambulisha mume wa mtu kuwa mseja, na cheti chake cha ubatizo kitasema hivyo popote atakapokipeleka.

Kompyuta ina shida hiyohiyo. Kuhifadhi faili moja hugusa sehemu kadhaa za diski: jina, ukubwa, orodha ya nafasi zilizo wazi. Kwa hiyo mifumo ya mafaili kama ext4 na XFS ya Linux hutangulia kuandika mabadiliko hayo katika logi, yaani daftari dogo la pembeni, na kutia alama ya kukamilika. Ndipo huyahamishia mahali pake. Umeme ukirudi, muamala wenye alama unamaliziwa, usio na alama unatupwa.

Kilichotuvutia zaidi ni hatua iliyo kabla ya hiyo. Logi ni ndogo na huzunguka: ikifika mwisho, inaanza tena juu ya yaliyokwisha kuhamishwa. Je, ikijaa muamala ukiwa katikati? Muamala hauwezi kumalizika kwa kukosa nafasi. Nafasi nayo haipatikani, kwa kuwa kazi ambazo zingeiachia zinasubiri sehemu ambazo muamala huo umezishika. Vyote vinakwama. Basi, kabla ya kugusa chochote, kila muamala hutaja nafasi kubwa kabisa unayoweza kuhitaji, ukatengewa. Isipokuwepo, unasubiri mlangoni mikono mitupu. Kinachobaki hurudishwa.

Wakulima wa ngano wa hapa hawahitaji kuelezwa zaidi. Magunia huandaliwa kabla kombaini haijaingia shambani, tena kwa hesabu ya mwaka mzuri. Yakibaki yanarudi stoo. Hata mjenzi wa mnara katika Luka 14 alitakiwa kukaa chini kwanza apige hesabu. (Darasani kwetu jambo hili lingeitwa busara, na mjadala ungechukua wiki nzima.)

Tahadhari moja kwa makatibu wa parokia: ext4, kwa kawaida yake, huweka katika logi taarifa za kuhusu faili, si maneno yaliyomo ndani. Diski itabaki na mpangilio wake, lakini majina mliyochapa bila kuyahifadhi yatapotea. Ndiyo maana kitabu cha karatasi tunakiacha wazi mezani, kalamu juu yake, hadi ukurasa mzima uhifadhiwe na kusomwa tena jina kwa jina.