Mguu wa Kushoto

Uendeshaji wa motokaa ni kazi ya viungo vingi vya mwili, lakini viungo hivyo havipati sifa sawa. Jicho husifiwa kwa kuona mbali, mkono husifiwa kwa kushika usukani, na mguu wa kulia hulaumiwa kwa mwendo wa kasi. Mguu wa kushoto hausifiwi wala haulaumiwi. Hata hivyo, kwa miaka mingi mguu huo ndio uliomtenga dereva na abiria. Aliyeweza kuutumia aliitwa dereva. Asiyeweza alibaki kuchukuliwa. Siku hizi motokaa nyingi hazina haja nao. Kama jambo hili ni hasara au ni faida, ni ubishi usiokwisha katika vijiwe vya madereva, na ubishi huo wastahili kupimwa kwa mizani, maana ndani yake mna jambo kubwa kuliko gia.

Asili ya gia ni udhaifu wa injini. Ng'ombe wa kukokota aweza kuanza kuvuta hali amesimama. Injini ya petroli haiwezi. Ikizunguka polepole mno hukosa nguvu, na ikilazimishwa huzimika. Kwa hiyo sharti iwe yazunguka kabla gari halijaondoka, na sharti iunganishwe na magurudumu taratibu, kama mtu ampokeaye mwenzake mzigo kichwani. Kazi hiyo ni ya klachi, ambayo ni sahani inayobanwa na kuachiwa kwa amri ya mguu wa kushoto. Baada ya klachi huja gia zenyewe. Meno machache yakizungusha meno mengi, nguvu huongezeka na mwendo hupungua; mlima hupandwa kwa nguvu, na uwanda hukatwa kwa mwendo. Kuchagua baina ya viwili hivyo kila dakika ndiko kulikoitwa udereva.

Zamani uchaguzi huo ulikuwa mgumu. Meno yaliyozunguka kwa kasi mbalimbali yalipokutanishwa yalisagana na kulia. Dereva hodari alikanyaga klachi mara mbili katika badiliko moja, na aliporudi gia ya chini alitia mafuta kidogo katikati, ili mizunguko ilingane. Mwaka 1928 Cadillac ya Marekani ilileta mtambo wa kusawazisha meno kabla hayajaumana, na kazi ikawa nyepesi. Lakini njia ya kuliondoa kabisa kanyagio la klachi ilikuwa imekwisha kuanza mbali na barabara. Mwaka 1905 mhandisi Mjerumani, Hermann Föttinger, alibuni namna ya kupitisha nguvu kwa kimiminiko, kwa ajili ya meli. Gurudumu moja lenye mapanga husukuma kimiminiko, nacho kimiminiko husukuma gurudumu la pili, pasipo chuma kugusa chuma. Fikira hiyo ilitoka majini ikapanda nchi kavu. Mwaka 1939 General Motors ilitangaza mtambo wa Hydra-Matic katika motokaa za Oldsmobile za mwaka 1940, na mguu wa kushoto ukapewa likizo.

Likizo hiyo haikumfurahisha kila mtu. Palikuwa na mzee mmoja wa Lushoto aliyeanza kazi ya utingo mwaka 1968 katika lori la Bedford lililochukua mboga na matunda kuteremsha Mombo. Njia hiyo ni ya kilomita zaidi ya 30. Hupita Soni, na hushuka karibu mita 1,000 kwa kona zilizokunjamana ukingoni mwa korongo. Dereva wake hakuwa mtu wa maneno. Alipomwachia kijana usukani katika sehemu za tambarare, alikaa kimya akisikiliza. Na kila gia zilipolia, alimwamuru ashuke atembee kwa miguu mpaka kona ya mbele. Kijana alitembea sana. Baada ya mwaka mmoja hakutembea tena, kwa kuwa mguu wake ulikwisha kujua lisilosemeka kwa ulimi.

Aliendesha kwa zaidi ya miaka 40, na hakupindua gari hata mara moja. Mwaka 2019 alishikwa na kiharusi. Mungu alimrudishia ulimi na mkono, lakini mguu wa kushoto ulirudi nusu. Mzee hakukubali. Alikuwa na gari lake dogo la mizigo, la gia za mkono, akaliendesha hivyo hivyo hadi siku moja alipokuwa katika mteremko karibu na soko. Mguu uliteleza juu ya klachi, injini ikazimika, na gari likarudi nyuma likaangukia fungu la viazi. Hakuna aliyeumia. Lakini mahali palipopondwa viazi palikuwa pamekaliwa na mtoto muda mfupi kabla, na mzee alimwona mtoto huyo akisimama pembeni, ametoa macho. Alilipa viazi, akaomba radhi, akaenda nyumbani akatundika ufunguo msumarini.

Kwa miaka miwili hakuendesha. Kila mwezi siku ya kliniki ilipofika alikaa kando ya barabara akingoja mwenye nafasi. Mtu aliyechukua watu maisha yake yote akawa mtu wa kuchukuliwa, na jambo hilo lilimwumiza kuliko mguu.

Mwaka 2021 binti yake, mwalimu huko Dar es Salaam, alimletea motokaa ya otomatiki iliyokwisha kutumika Japani, nchi ambayo kama Tanzania huendesha magari upande wa kushoto. Mzee aliizunguka, akachungulia ndani, akaona makanyagio mawili.

"Mwanangu," alisema, "hili si gari. Hiki ni kiti."

"Baba, kiti hiki kitakupeleka hospitali," alijibu binti. Mzee hakusema neno, wala hakugusa ufunguo.

Juma lililofuata mjukuu wake alimchukua katika motokaa ile kuteremka Mombo. Kijana alikuwa na leseni, lakini hakupata kuendesha ila otomatiki katika miji ya tambarare. Aliweka kiwiko cha gia katika D na kushuka kwa breki peke yake, kona baada ya kona. Kabla ya Soni mzee alinusa harufu aliyoijua tangu ujana wake, harufu ya breki zinazoungua.

"Simama pale penye nafasi," alisema. "Usizime upesi. Acha zipoe."

Waliposimama, mzee alikitazama kiwiko. "Herufi hizi za chini ni za nini?"

"Hizo hazitumiki, babu. Gari hili hujibadilia gia lenyewe."

"Hujibadilia lenyewe kwa sababu lajua mwendo wako na mguu wako. Mteremko ulio mbele lauonaje? Halina macho. Gari lisiloona huhitaji mtu wa kuliambia."

Breki zilipopoa alimwagiza kijana aweke 2, na penye mwinamo mkali aweke L. Injini ikanguruma na kulishika gari, kama vile lori la Bedford lilivyoshikwa kwa gia nzito, na breki zikaguswa penye kona tu. Kijana alishangaa. Mzee alishangaa zaidi, kwa kuwa aliona kwamba kile alichokiita kiti kilikuwa na gia zile zile alizozijua, zimefichwa tu.

Mombo, katika uwanja mpana, aliomba usukani. Alipoondoa gari, mguu wa kushoto ulijikokota wenyewe kutafuta klachi, ukakuta zulia tupu. Aliuacha pale. Alizunguka uwanja mara tatu, akarudi, akakaa kimya kwa kitambo, kisha akafuta uso kwa kanzu.

Katika mizani ya ubishi, basi, kila upande una uzito wake. Motokaa ya gia za mkono ina mtambo ambao fundi wa kijijini aweza kuufungua na kuufunga. Betri ikifa, vijana wanne huisukuma ikawaka, jambo lisilowezekana kwa otomatiki. Humtii dereva, na kwa kumtii humfunza. Uingereza bado hutambua tofauti hiyo: afanyaye mtihani wake katika otomatiki hupewa ruhusa ya otomatiki tu, bali afanyaye katika gia za mkono huruhusiwa zote mbili. Kwa upande wa pili, otomatiki humpumzisha mtu katika misongamano ya Dar es Salaam, ambako klachi hukanyagwa mara zisizo na hesabu. Sifa yake ya zamani ya kula mafuta mengi ilikuwa kweli, kwa sababu kimiminiko hupoteza nguvu kwa kuteleza. Lakini mitambo mipya hufunga mtelezo huo na ina gia nyingi zaidi, hata mara nyingine hushinda mkono wa binadamu. Tena iko fadhila isiyotajwa vijiweni: hufungua mlango kwa yule ambaye mguu wake umefunga. Kumcheka mtu huyo kwamba si dereva ni kumcheka kipofu kwa fimbo yake.

Walakini hasara iko, na haifai kufichwa. Mtambo ufanyao kazi kwa niaba ya mtu humwondolea taabu pamoja na mafunzo yaliyokuwa ndani ya taabu. Mjukuu hakuwa mjinga. Hakupewa nafasi ya kukosea. Gia hazikumlilia, basi hakushushwa atembee. Motokaa za umeme zinazoenea sasa aghalabu hazina gia za kubadili kabisa, na siku yaja ambapo klachi itahitaji kuelezwa kama jahazi linavyoelezwa kwa mtu wa bara. Mteremko hautapungua kwa ajili hiyo. Milima ya Usambara itakuwa pale pale, na ajuaye kwa nini gari huzuiwa kwa injini atashuka salama katika chombo chochote. Asiyejua atashuka kwa bahati.

Mzee sasa huenda kliniki mwenyewe. Lile gari dogo la mizigo hakuliuza. Aliutoa ufunguo msumarini akampa mjukuu, akaketi upande wa abiria, mguu wa kushoto ameunyosha mbele.

"Hapa hapana herufi," alimwambia. "Sikiliza. Na kila gia zikilia, utashuka utembee."

Siku ile ya kwanza kijana alitembea mara saba.