Viza imetoka, lakini goti la mtoto limekatiwa bima?

Tramu inayotoka katikati ya jiji la Oslo hupanda kilima taratibu, maji ya bahari yakibaki chini upande mmoja, na baada ya dakika chache abiria wanashuka Ekeberg. Hapo pana uwanda mkubwa wa majani. Kwa wiki moja kila mwaka, mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti, uwanda huo hugeuka viwanja vya mpira vilivyopangwa bega kwa bega. Ni mashindano ya vijana ya Norway Cup, yaliyoanza mwaka 1972. Timu huwa zaidi ya elfu moja, na filimbi hulia kila upande kwa wakati mmoja, hata mtoto mgeni anaweza kusimama akidhani iliyolia ni ya mechi yake.

Kwa wazazi wa Nairobi jina hilo si geni. MYSA, chama cha michezo cha vijana wa Mathare kilichoanzishwa mwaka 1987, kimepeleka huko wavulana na wasichana kwa miaka mingi. Hiki ndicho chama ambacho timu zake hupata pointi za ligi kwa kufanya usafi mtaani, si kwa ushindi peke yake. Timu nyingine kutoka Afrika huanzia Göteborg nchini Sweden, kwenye Gothia Cup ya mwezi Julai, kisha zikapanda basi kuelekea Norway.

Wiki hiyo ni tamu, lakini ni ngumu kwa mwili wa mtoto. Wengi hulala madarasani, kwenye magodoro yaliyotandikwa sakafuni, wenzao wakipiga soga. Jua huzama karibu saa nne usiku, basi nani atalala mapema? Asubuhi kuna mechi, na jioni huenda ikawepo nyingine. Mtoto aliyezoea kiwanja cha vumbi anakanyaga majani yaliyoloa mvua, tena akiwa na viatu vipya alivyonunuliwa kwa ajili ya safari. Miguu imechoka, uwanja unateleza, na mpinzani amemzidi kimo. Hapo ndipo kifundo cha mguu hugeuka au goti likasokotwa.

Mzazi yeyote aliyehangaikia viza ya Schengen anakijua cheti cha bima ya safari. Norway si mwanachama wa Umoja wa Ulaya, lakini imo katika Schengen, kwa hiyo sharti ni lile lile. Bima iwe na kiwango kisichopungua Euro 30,000, ifanye kazi katika nchi zote za Schengen, ihusu siku zote za kukaa huko, na ilipie matibabu ya dharura, kulazwa hospitali kwa dharura, kurudishwa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa, na kifo. Cheti kikiwa na hayo, ofisa wa viza ameridhika.

Kinachosahaulika ni kwamba sharti hilo halitaji mpira. Ofisa hutazama kiasi, tarehe na nchi, wala si kazi yake kusoma ukurasa wa nyuma wenye maandishi madogo. Na mara nyingi ni ukurasa huo unaosema kwamba kampuni hailipii majeraha yaliyopatikana katika mashindano yaliyoandaliwa rasmi, au katika mazoezi ya kujiandaa nayo. Bima nyingi za safari zimetengenezwa kwa ajili ya mtalii. Mtalii akipiga mpira ufukweni kujifurahisha, mara nyingi hakuna tatizo. Akivaa jezi yenye namba na kuingia uwanjani mbele ya mwamuzi, hesabu inaweza kubadilika.

Matokeo yake ni haya. Mama aliyesindikiza timu anasimama kando ya uwanja na kikombe cha chai, anateleza kwenye majani na kuvunja mkono. Analipiwa. Mtoto wake, hatua tatu kutoka hapo, anakatwa mtama na kuvunja mguu. Halipiwi. Wote wawili wana cheti cha kampuni moja, kimegongwa muhuri ule ule, na kilinunuliwa siku moja.

Swali la kumuuliza wakala kabla ya kutoa pesa, basi, si kama bima hiyo inakubalika ubalozini. Hilo atajibu ndiyo hata akiwa usingizini. Aulizwe kama mkataba unalipia kushiriki mashindano ya soka ya vijana, pamoja na mazoezi na mechi za kirafiki za kabla yake, na jibu alitoe kwa maandishi, akionyesha kipengele chenyewe. Kampuni nyingi huweza kuongeza kipengele cha michezo kwa malipo ya ziada. Kiasi hutegemea mchezo. Mchezo wa kugongana kama raga, au wa kuangushana kama judo, kwa kawaida hauwekwi kapu moja na mbio. Timu ikipitia Doha au Istanbul, iulizwe pia kama mkataba unawalinda watoto njiani au unaanzia Ulaya tu.

Kuna wazazi wanaodhani kwamba Norway, kwa utajiri wake, humtibu kila mtu bure. Mgeni mwenye hali ya hatari hatafukuzwa mlangoni, hilo ni kweli. Gari la wagonjwa huitwa kwa namba 113, na kwa jeraha lisilotishia maisha watu huenda kituo cha dharura kiitwacho legevakt, ambacho namba yake ya simu ni 116117. Lakini Wanorwe wana mfumo wao wa taifa, na wageni wa nchi za Umoja wa Ulaya wana kadi yao ya afya inayotambuliwa huko. Mtoto aliyetoka Nairobi au Arusha hana kadi hiyo, na ya bima ya nyumbani haitamsaidia dirishani. Picha ya mfupa, plasta, upasuaji ukihitajika, vyote vina bei, na bili itamfuata mtu.

Itamfuata nani? Hapa kocha na wazazi wanapaswa kukubaliana mapema. Kampuni nyingine humalizana na hospitali moja kwa moja, mradi ipigiwe simu kwanza, kabla ya mgonjwa kulazwa. Nyingine humtaka mteja alipe kutoka mfukoni, kisha adai akirudi na risiti pamoja na ripoti ya daktari. Kama ni aina ya pili, lazima awepo mtu mzima uwanjani mwenye kadi ya benki yenye pesa za kutosha, maana harambee ya kuchangisha kwenye kundi la WhatsApp saa tano za usiku ina mwendo wake. Namba ya simu ya dharura ya kampuni iwe kwa kocha, na nakala ya cheti iwe kwa mtoto mwenyewe. Ikifungiwa kwenye sanduku shuleni haimsaidii mtu.

Bima ya kikundi ni nafuu, ila orodha yake inahitaji jicho. Jina la mtoto liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, na tarehe ya kuzaliwa ilingane. Mwenye pumu au selimundu atajwe, hata kama hajaugua mwaka mzima. Wazazi wengine huficha wakihofia mtoto ataachwa nyumbani, kumbe ugonjwa uliofichwa ni miongoni mwa sababu za kwanza ambazo kampuni hutumia kukataa madai.

Halafu kuna siku ya kurudi. Tuseme mtoto wa miaka 13 amevunjika mguu Ijumaa, na timu inaondoka Jumapili. Mguu uliofungwa plasta mpya unaweza kuvimba ndani ya ndege, ndiyo maana mashirika mengi ya ndege hutaka saa 48 zipite kabla ya safari ndefu, au plasta ipasuliwe kwa urefu, na mara nyingi huomba barua ya daktari. Akihitaji viti viwili au vitatu ili anyooshe mguu, navyo vinauzwa. Wenzake watapanda ndege yao kama ilivyopangwa, na yeye hawezi kubaki Oslo peke yake. Mkataba mzuri hulipia tiketi mpya ya mtoto, chumba na chakula cha mtu mzima mmoja anayebaki naye, na tiketi ya huyo mtu pia. Mkataba wa bei ya chini unaweza kumlipia mgonjwa peke yake. Kwa hiyo, kabla ya timu kuondoka, wazazi wanapokutana kugawana gharama za jezi na soksi, jina la mtu mzima atakayebaki liandikwe, na viza yake ikaguliwe kama ina siku za ziada.