Doa katika wayo wa shangazi

Shangazi yangu alikuwa na doa jeusi kwenye kisigino cha mguu wa kushoto, dogo kama mbegu ya papai. Kwa miaka miwili hakuna aliyelijali. Yeye alishikilia kwamba ni mwiba uliomchoma akipalilia mahindi ukakatikia humo. Mimi, msomi wa mjini, nilimnunulia viatu laini nikadhani nimemaliza kazi. Saratani ya ngozi? Hiyo, tuliambiana, huwapata Wazungu na watu wenye ualbino.

Kumbe iko aina iitwayo melanoma ambayo sisi weusi hutuanzia mara nyingi mahali pasipopigwa na jua: kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Bob Marley aligunduliwa nayo kwenye kidole cha mguu mwaka wa 1977, akafariki 1981 akiwa na miaka 36. Nyimbo zake nazijua kwa ghibu. Habari ya kidole sikuijua.

Doa lilipopanuka na kuanza kutoa damu, daktari alikata kinyama akakipeleka maabara. Jibu la kwanza lilitutatiza. Umbo la seli lilionyesha saratani, lakini hazikuwa na weusi wowote, hivyo haikujulikana ni saratani ya nini. Kulihitajika vipimo zaidi, na pesa zaidi. Binamu yangu akauliza kwa hasira kwa nini tulipe mara mbili kwa kinyama kile kile.

Naam, hata mimi niliuliza. Mtaalamu wa maabara alinieleza kwa subira kwamba seli, hata ikiharibika, mara nyingi hubaki na protini zinazoonyesha asili yake. Kinyama hukatwa vipande vyembamba mno, kisha hutiwa kingamwili zinazonasa protini fulani tu. Zikiipata, rangi hujitokeza chini ya hadubini. Protini ya S100, iliyotambuliwa kwanza katika ubongo mwaka wa 1965, huonekana karibu katika kila melanoma. Tatizo ni kwamba huonekana pia katika seli za neva na kwingineko. Ni kama shahidi anayedai kumjua kila mtu sokoni. Ndipo huongezwa Melan-A na HMB-45. Hizi hukosa baadhi ya melanoma, lakini zikishika, shaka hupungua sana. Hata hivyo hazitoshi peke yake, maana doa lisilo na madhara laweza kuwa nazo vilevile.

Tuliuza fahali, tukalipa. Zote tatu zilishika.

Shangazi alikatwa sehemu ya kisigino, akabandikwa ngozi ya paja. Sasa hutembea kwa mkongojo, na kila baada ya miezi mitatu daktari humpapasa kinena akitafuta mitoki. Krismasi iliyopita aliamuru kila mmoja wetu avue viatu, watoto kwa wazee, akakagua nyayo zetu kwa tochi. Mimi aliniweka wa mwisho, akanichelewesha kupita wote.